Sufuria, Giza na Wanafunzi Sita: Kutengeneza Filamu ya Mizuka Kisumu kwa Pesa Kidogo

Nyanya yangu kule Seme hakuwa na saa, lakini jioni aliijua kwa masikio. Sufuria ya kwanza ikigongwa upande wa ziwani, aliacha alichokuwa akifanya, akachukua kifuniko na mwiko, akatuingiza watoto ndani, akaanza kugonga. Jirani akapokea. Boma la pili likapokea, na la tatu, huyu anapiga bati, yule debe, mpaka kelele ikapanda kilima na kupotelea mbali. Halafu kimya. Nyanya alibaki mlangoni na kile kifuniko mkononi, akisikiliza, kisha akasema, "Wamepita. Kuleni."

Waliopita ni nyawawa, pepo ambao watu wa kandokando ya ziwa husema huja na upepo kutoka majini. Nimetazama filamu za kutisha nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna iliyonitia baridi kama ule ukimya wa baada ya sufuria. Mwongozo huu nauandikia kijana wa Kisumu, Siaya, Kakamega au Nakuru mwenye simu nzuri na marafiki wa kweli. Filamu fupi ya kutisha kuhusu wanafunzi na mizuka inawezekana hapa hapa, na hofu yake unayo tayari. Yetu ilikuwa ya dakika 22. Tuliipiga kwa usiku sita, likizo ya Agosti, katika bweni la shule moja ya kijijini, kwa shilingi 46,000. Zaidi ya nusu ya pesa hiyo ililiwa na chakula na usafiri.

Hatua ya 1: Tafuta hofu ya karibu

Vijana wanaonitumia kazi zao hurudia kosa moja: mzuka wa kuazima. Msichana mwenye nywele ndefu zilizofunika uso, padri anayesoma Kilatini, kidoli kinachofungua macho. Mtazamaji wa Kondele, mtaa wa Kisumu, hajawahi kulala akiogopa kidoli. Anachokiogopa alikijua kabla ya kujua kusoma, na kazi yako ni kukigusa tu.

Tazama ulivyozungukwa. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Kisa chake husimuliwa hivi: bibi kizee alifika kijijini usiku wa mvua watu wakinywa na kucheza, akafukuzwa kila mlango isipokuwa kwa mwanamke mmoja, na kabla ya mapambazuko kijiji kizima kilizama. Kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo kuna Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, ambako watu bado huenda kusali. Nakuru wana kreta ya Menengai, ambayo jina lake hufasiriwa kuwa mahali pa maiti, kwa sababu ya wapiganaji wa Kimaasai wanaosemekana kutupwa humo vitani karne ya kumi na tisa. Ukiona mvuke unavyopanda pale alfajiri utaelewa kwa nini watu husema ni roho zinazotafuta njia ya kutoka.

Kisha uliza swali moja ambalo wazee hawakuulizwa. Letu lilikuwa hili: ikiwa kila boma linagonga ili pepo wasiingie, na shule ya bweni iko katikati ya maboma hayo, na saa hiyo wanafunzi wako prepu, masomo ya jioni ya kujisomea, ambako kelele ni kosa la kuadhibiwa, pepo wanafukuziwa wapi? Filamu nzima ilitoka hapo. Wanafunzi sita wamebaki shuleni wakati wa likizo fupi. Kijiji kinagonga kutoka pande zote nne. Ndani ya bweni, mwalimu wa zamu ameshasema hataki kusikia hata kijiko kikianguka.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba usiyaguse. La kwanza, usimfanye bibi kizee wa kijijini awe mchawi. Mei 2008, huko Kisii, watu 11 walichomwa hadi kufa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wazee, na mauaji ya namna hiyo hayajaisha. Filamu yako itatazamwa na watu wanaoishi jirani na bibi kama huyo. La pili, usitumie moto wa bweni. Kyanguli, Machi 2001, walikufa wanafunzi 67. Endarasha, Septemba 2024, walikufa 21. Wazazi wao wapo, na wana simu kama wewe.

Hatua ya 2: Skripti

Ukurasa mmoja ni karibu dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 20 zinatosha kabisa. Weka sehemu tatu tu za kupigia: bweni, darasa la prepu, na njia ya kwenda chooni. Njia ya chooni usiidharau. Kila aliyesoma bweni anakumbuka kubana mkojo mpaka asubuhi badala ya kutoka nje peke yake.

Mzuka uonekane mara tatu, basi. Mara ya kwanza mtazamaji asiwe na hakika, mara ya pili awe na hakika lakini mhusika asione, mara ya tatu waonane. Sisi tuliandika kutokea mara saba na tukakata nne kwenye uhariri. Zilikuwa jasho la usiku mzima.

Waache wanafunzi wazungumze kama wanafunzi. Mtoto wa kidato cha kwanza anaitwa mono, na anatumwa maji usiku na walio juu yake. Hapo tayari una hofu kabla mzuka hajaingia. Mlinzi mzee azungumze Dholuo, uweke manukuu chini.

Hatua ya 3: Vibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga filamu yoyote ya kuonyeshwa umma au kuuzwa. Ombi huambatana na maelezo ya matukio yote na maneno yote yanayosemwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ikiwa filamu si ya Kiingereza. Ndiyo maana skripti inatangulia. Baadaye, kabla ya kuonyesha, filamu hupelekwa kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ipangiwe daraja: GE (ya watu wote), PG (watoto kwa uangalizi wa mzazi), 16 au 18. Ukitaka wanafunzi waruhusiwe kuitazama, fikiria hilo tangu ukiandika. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ushauri wangu ni uiache, kwani hofu haitazami kutoka juu.

Shuleni, nenda kwa mwalimu mkuu na barua, umwombe aipeleke kwenye bodi ya shule. Omba wiki za likizo: Aprili, Agosti, au Novemba na Desemba. Sema wazi kwamba ni filamu ya mizuka. Sisi tulitaka kuandika "filamu ya elimu" na mwenzetu mmoja akatukataza, na alikuwa sahihi, maana mwalimu mkuu alipojua ukweli alicheka, akatupa na vitanda vilivyovunjika. Badilisha jina la shule, nembo, na rangi ya sweta. Sare za mitumba tulizipata soko la Kibuye Jumapili asubuhi.

Mwisho, pita kwa chifu, kituo cha polisi, na mzee wa nyumba kumi. Na majirani, kila mlango. Hili la majirani nitalirudia.

Hatua ya 4: Waigizaji

Chukua waliotimiza miaka 18 wenye sura za kitoto. Vilabu vya drama vya vyuo, Maseno kwa mfano, vina vijana waliokwisha kupanda jukwaa kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu tangu wakiwa sekondari. Tatizo lao ni sauti: wamezoea kumfikia mtu wa safu ya mwisho. Wafundishe kunong'ona. Mazoezi yetu tuliyafanya gizani, wote wamekaa chini wameshikana migongo, wakisema mistari yao kwa sauti ya kumwambia siri mtu mmoja. Baada ya jioni mbili walikuwa wameshuka.

Mwambie kila mwigizaji mapema atakachofanyiwa. Kuna waelekezi wanaopenda kumshtua mwigizaji kweli ili "apate uhalisia". Utapata mshtuko mmoja na utapoteza imani yake kwa usiku wote uliobaki. Binti aliyeigiza mono wetu alikataa kulala kitanda ambacho kwenye hadithi kilikuwa cha marehemu, mpaka tumeomba. Tuliomba, sote. Kisha akalala, akaigiza kuliko kila mtu.

Wape chakula cha moto saa nne usiku na chai saa tisa. Nasisitiza saa tisa, kwa sababu hapo ndipo watu hugombana.

Hatua ya 5: Vifaa

Simu moja yenye kamera nzuri, tripodi nzito, maikrofoni mbili za kubana kwenye shati, rikoda ndogo, taa mbili za LED za betri zinazopunguzwa mwanga, pawabanki tatu. Kioo cha dirisha kimoja, sentimita 60 kwa 90, ukingo wake umezungushiwa selotepu ya karatasi. Mshipi wa nailoni wa wavuvi. Vitambaa vyeusi vingi kadiri utakavyopata. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure na inakuruhusu kuifunga simu isijibadilishie mwanga na fokasi yenyewe, jambo ambalo gizani litakuharibia kila kitu.

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa haizi 50, na ukiweka shata isiyolingana nao, taa za bweni zitaanza kupepesa kwenye picha kwa mistari inayopanda na kushuka. Wengi hudhani simu ni mbovu.

Hatua ya 6: Sauti, kabla ya picha

Kama una siku moja tu ya kujiandaa, itumie yote kwa sauti. Mtazamaji anaweza kufumba macho. Masikio hayana kope.

Tulienda kijijini jioni na sufuria nane za ukubwa tofauti, vifuniko, debe la mafuta, na kipande cha bati. Tuliiweka rikoda katikati ya uwanja, watu wanane wakatawanyika pande zote, wengine karibu mita 200. Sauti ya sufuria ya mbali huwezi kuitengeneza vizuri kwa kushusha sauti ya sufuria ya karibu, kwani umbali una ukungu wake. Gonga ya chini, ya juu, polepole, kwa hasira, kwa kuchoka. Tukarekodi pia watu wakiacha kugonga mmoja mmoja. Sekunde hizo za kuacha ndizo tulizozitumia zaidi, na ya mwisho kabisa ilikuwa kifuniko kidogo cha chai, mbali sana, kama mtu ambaye hakupata habari kwamba wengine wamemaliza.

Rekodi kwa kilohaizi 48, na kilele cha sauti kwenye kipimo cha rikoda kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, maana sufuria hupasuka ghafla na ikipasuka hairekebishiki. Katika kila chumba unachopiga, mkimaliza, kila mtu asimame asipumue kwa nguvu, urekodi ukimya wa chumba hicho kwa dakika nzima. Bweni tupu la mabati lina sauti yake: misumari inayolia bati likipoa, mjusi, chuma cha kitanda. Usipoubeba ukimya huo, uhariri wako utajaa mashimo.

Vunja muwa mbichi mbele ya maikrofoni upate mfupa. Buruta gunia la mchanga mkavu sakafuni upate mtu anayejivuta. Ukifika Ahero usiku, pale kwenye mashamba ya mpunga, rekodi vyura kwa saa nzima, halafu tupa jiwe majini. Watanyamaza wote kwa mara moja. Kwenye filamu yetu, vyura wakinyamaza mtazamaji anajua kabla ya mwanafunzi.

Muziki usiuchukue mtandaoni. Mtafute mpiga orutu. Chombo hicho kina uzi mmoja tu, na upinde ukipita taratibu, karibu na mahali uzi unapokalia ngozi, kinalia kama mtu anayetaka kusema neno na hana mdomo. Mzee aliyetupigia alituuliza, "Mnataka wimbo gani, wanangu?" Tukamwambia hatutaki wimbo, tunataka akose wimbo. Alinyamaza, akafikiri, akapiga dakika nne ambazo sikuthubutu kuzikata. Mlipe, na mwandikiane kwamba sauti hiyo mnaruhusiwa kuitumia.

Upepo wa Kisumu mchana hutoka ziwani na usiku hugeuka ukaelekea ziwani. Mchana wa saa tisa utakuharibia maikrofoni hata ukiifunika. Na mvua ya jioni ikinyesha juu ya mabati, acha mazungumzo kabisa. Washa rikoda, kunyweni chai. Mvua hiyo utaihitaji.

Hatua ya 7: Giza

Hapa Ikweta inapita Maseno, na machweo yetu hayabembelezi. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, mwaka mzima, na dakika 20 au 25 baadaye ni giza. Kwa hiyo ile anga ya buluu nzito yenye miti myeusi unaipata kwa dakika chache tu kila siku. Usipange sini nzima hapo. Panga shoti mbili, mfanye mazoezi saa kumi na moja, msimame tayari. Usiku wa kwanza tulikuwa bado tunatafuta sweta ya mwigizaji wakati anga ilipopita.

Ndani ya bweni, tumia mwanga mmoja, na uutolee sababu. Tochi ya mlinzi. Balbu ya barazani inayoingia dirishani. Koroboi, ile taa ya kopo na utambi. Koroboi yetu haikuwa na moto, kwa kuwa vitanda na magodoro na watu waliochoka usiku wa manane havikai na moto. Tuliiondoa utambi, tukaweka LED ndogo, tukaifunga karatasi ya peremende ya rangi ya chungwa, na mtu mmoja akawa anapitisha vidole mbele yake taratibu ili mwanga utetemeke ukutani. Karibu na kamera unaona masizi ya kweli kwenye shingo ya kopo. Hakuna aliyetuuliza.

Usimulike uso wa mtu kutoka mbele. Mulika ukuta ulio nyuma yake, naye awe kivuli, kisha mwanga kidogo kutoka ubavuni umguse shavu. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, usiipandishe mpaka picha ijae chembe kama mchanga. Afadhali usogeze taa.

Sini za shamba la miwa tulizipiga mchana, na zinaonekana usiku. Jua liwe nyuma ya waigizaji, mwanga wa kamera ushushwe mpaka sura zianze kupotea, rangi iwekwe kelvini 3200 ili kila kitu kiwe cha kibuluu, na anga isionekane hata kidogo. Anga ikionekana, ujanja umeisha. Tulichagua mchana kwa sababu moja tu: kwenye miwa usiku kuna nyoka, na hakuna shoti yenye thamani ya mguu wa mtu.

Hatua ya 8: Mzuka

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji kompyuta. Mwaka 1862, jijini London, John Henry Pepper aliwaonyesha watu mzuka jukwaani kwa kutumia kioo. Ujanja huo unafanya kazi vilevile leo kwenye bweni la Seme.

Weka kamera itazame ujia wa kati ya vitanda. Mbele ya kamera simamisha kile kioo, umekizungusha nusu, nyuzi 45. Kamera inaona ujia kupitia kwenye kioo. Ubavuni mwa kioo, mahali kamera haioni moja kwa moja, msimamishe mzuka wako, na nyuma yake ning'iniza kitambaa cheusi, na sakafuni pia. Sasa zima taa yake: kamera inaona ujia mtupu. Washa taa yake taratibu, na anajitokeza katikati ya vitanda, anapenyeka, unaona chuma cha kitanda kupitia kifuani kwake. Zima, hayupo.

Siri iko kwenye kipimo. Umbali kutoka kioo hadi kwa mzuka ndio umbali ambao ataonekana amesimama nyuma ya kioo. Ukitaka asimame kwenye kitanda cha tatu, pima kutoka kioo hadi kitanda cha tatu, mita nne na nusu kwa mfano, na yeye asimame mita nne na nusu ubavuni. Tia alama ya chaki. Yule mono alilala kitanda cha pili, akageuza kichwa kutazama hewa tupu pale tulipomwonyesha, na kwenye simu wakaonana uso kwa uso. Watu kumi na wawili tuliokuwa chumbani, tuliojua kioo kiko wapi, tulinyamaza.

Futa vumbi na alama za vidole kila baada ya shoti, na funika kamera kwa kitambaa cheusi isijione.

Mlango unaofunguka wenyewe ni mshipi. Upake masizi kwanza, la sivyo utang'aa, na taa isiwe ubavuni mwake. Mwendo wa mzuka, ukiutaka wa kuchukiza, mwambie mwigizaji atembee kinyumenyume taratibu, kisha ugeuze picha kwenye uhariri. Miguu inakanyaga kwa namna ambayo jicho linajua si sawa bila kujua kwa nini. Damu sina mengi ya kusema juu yake. Hatukutumia tone.

Hatua ya 9: Usiku wa kazi

Anzeni saa kumi na moja jioni, malizeni saa kumi usiku, shoti zisizozidi 15. Kumi zilizopigwa vizuri zinatosha. Nakili kadi mara mbili kabla ya mtu yeyote kulala.

Sasa lile la majirani. Usiku wa tatu, dada aliyeigiza mzuka, akiwa na gauni jeupe na unga usoni, alitoka mpaka kwenye ua kutafuta mtandao ampigie mama yake. Mlinzi wa boma la jirani akamwona. Alianza kugonga bati, na safari hii haikuwa mchezo wetu. Dakika tano baadaye kulikuwa na wanaume wenye tochi na rungu upande wa pili wa ua, na jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa chake. Aliyemwokoa ni yeye mwenyewe. Hakukimbia. Alikaa chini, akapaza sauti kwa Dholuo, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake na kijiji chao, mpaka mzee mmoja akasema, "Subirini, huyo ni mtoto wa watu." Chifu alikuwa na barua yetu. Wale wanaume hakuna aliyekuwa amewaambia kitu, na kosa hilo lilikuwa langu mimi mwelekezi.

Tangu hapo: nyumba zote ndani ya nusu kilomita zinaambiwa kwa mdomo, na mzee wa kijiji anakaa nasi usiku wa kwanza na kulipwa. Mzuka hatoki nje ya mlango bila koti la kuakisi mwanga juu ya vazi, na mtu asiyevaa vazi la filamu ubavuni mwake. Anaosha uso kabla ya kupanda boda.

Hatua ya 10: Uhariri

Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha, na Audacity kwa sauti. Panga sauti kwanza yote, skrini ikiwa nyeusi. Sambaza sufuria kushoto na kulia, zianze mbali, zikaribie kutoka kila upande. Ikiwa ukisikiliza gizani bila picha huogopi, picha haitakuokoa. Kisha weka shoti, na kila mara unapotaka kukata, hesabu moja, mbili, tatu zaidi. Mtazamaji anayesubiri anaanza kutafuta mzuka mwenyewe kwenye kona za fremu, na ataona vitu ambavyo hukuviweka.

Hatua ya 11: Jaribio

Ikishapata daraja lake, ipeleke kwenye kibanda cha video, jioni, na mwenye kibanda akubali kuzima feni. Pale watu huzungumza na skrini, hucheka, hupigiana simu. Wewe usitazame filamu. Kaa mbele, geuka uwatazame wao, na daftari, uandike dakika ambazo walinyamaza. Zile ambazo hawakunyamaza, rudi ukazikate.

Yetu iliisha karibu saa moja usiku. Sufuria ya mwisho ikagongwa kwenye spika, ile ya kifuniko cha chai, na picha ikawa nyeusi. Hakuna aliyeinuka. Kisha mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu mlangoni akachukua kikombe chake cha bati cha kupimia, akakigonga mara tatu kwenye nguzo ya mlango, ndipo watu wakaanza kutoka.